Dakika Kumi na Moja za Watiri

Hii nitakayowaambia hamtaiamini hata kidogo. Nawajua. Mtasema mzee ameongeza chumvi, kama mlivyosema juu ya yule ng'ombe wa Othaya aliyepanda ngazi, na ngazi yenyewe iko mpaka leo, nendeni mkaitazame. Basi msiamini. Kaeni na ubishi wenu. Lakini siku mkienda Endarasha mkasikia mtu akitaja "Watiri wa betri", mkumbuke ni nani aliyewaambia kwanza.

Watiri ni binti wa dada yangu. Mjomba atakayetokea humu ndani ndiye mimi ninayeandika, ila kwa unyenyekevu niliojaliwa nitamwita Mjomba Theuri, kama mtu wa mbali, msije mkasema najisifu.

Watiri alipiga taipu katika ofisi ya serikali mjini Nyeri kwa miaka kumi na mmoja. Alipofunzwa kazi hiyo aliwekewa saa mbele ya pua: maneno hamsini kwa dakika, na ukikosea unaanza upya. Wenzake walihitimu wakaisahau saa. Yeye ilimwingia damuni. Alikuwa na kitabu kidogo cha jalada jeusi, cha kukaa mfukoni mwa sweta, na ndani yake aliandika muda wa kila kitu. Yai la kuchemsha, dakika saba. Mahubiri ya mchungaji, dakika hamsini na tatu. Kwenye ukurasa mmoja, mtu mwenye tabia ya kufungua vitabu vya wenyewe angesoma hivi: "Hadithi ya Anko, dakika arobaini. Ukweli ndani yake, dakika sita." Mjomba Theuri aliuona ukurasa huo kwa macho yake na akausamehe.

Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, Watiri alikuwa kati ya waliopunguzwa. Wanawake wengine walinunua cherehani, wengine ng'ombe wa maziwa. Yeye alichukua malipo yake yote ya kuachishwa akanunua kompyuta, tena si ile ya kukaa mezani kama televisheni, bali laptop, ile ya kupakata magotini kama mtoto. Ilikuwa tarehe ishirini na saba Novemba 1997, mvua ya El Nino ikibomoa madaraja, naye anavuka barabara na katoni yake kichwani imefunikwa kwa nailoni. Jirani zake walisema amerogwa.

Hakurogwa. Alikuwa ameona kitu ambacho jirani zake hawakukiona. Huku kwetu hakuna mtu asiye kwenye chama: cha maji, cha matangi, cha mazishi, cha kuku. Kila chama kina mkutano, na kila mkutano una karani. Na karani wa pande zetu hizi za Tetu na Kieni, tangu wengi wetu tukiwa na meno yote, alikuwa Simeon, mzee wa koti la kijivu, mwenye mwandiko mzuri kuliko kadi za harusi. Ubaya wa kitabu cha Simeon ni kwamba kilikuwa kinakua usiku. Mkutano ukifungwa na majina mia, asubuhi ni mia na nane, na wale wanane wote wanafanana na Simeon kwa pua.

Watiri akaja na mashine yake. Anaandika papo hapo mbele ya watu, anasoma kwa sauti, mwenye jina anaitikia, kisha orodha inaingia kwenye diski mbili. Moja anabaki nayo. Nyingine inatiwa ndani ya bahasha, bahasha inafungwa kwa gundi, na wazee watatu wanatia sahihi juu ya gundi. Jina la kuzaliwa usiku likakosa mlango.

Sasa, kumbi za mikutano hiyo hazikuwa na stima. Kwa hiyo kazi yote ya Watiri ilikalia betri. Akiichaji usiku kwenye chumba chake cha kupanga mjini, betri ilimpa saa mbili na dakika kumi na mbili. Aliandika hivyo kwenye kitabu cheusi siku ya kwanza. Saa mbili zinatosha mkutano wowote, hata wenye wazee wa kanisa.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 1998 alikuwa Giakanja, kwa kikundi cha akina mama wa matangi. Yuko katikati ya kusoma orodha, mashine ikalia pii, pii, na kioo kikawa cheusi kama tako la sufuria. Watu wakangoja. Watiri akabonyeza swichi. Ikawaka, ikafa. Akatazama saa yake ya mkononi: tangu aiwashe, dakika kumi na moja.

Simeon alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hakuna aliyemwalika. Alisimama polepole, akatoa kitabu chake kwapani, akakipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

"Akina mama, mimi sina maneno," akasema. "Nasema tu kitabu yangu haijawahi kuzimika."

Walicheka mpaka mabenchi yakacheka nao. Mwenyekiti wao, Monicah, mwanamke mwenye huruma, ndiye aliyemalizia kazi: "Watiri, mwanangu, kaipeleke hospitali. Ikipona tutakuita." Simeon akamaliza orodha kwa kalamu.

Hilo la Giakanja lingepita. Lililokuwa mbele ndilo lililomnyima Watiri usingizi. Jumamosi ya tarehe ishirini na nane Novemba, mradi wa maji wa Endarasha ulikuwa unaandikisha wote waliochimba mtaro, mtu kwa mtu, kwa sababu aliyechimba ndiye atakayewekewa bomba. Orodha kubwa kuliko zote za Kieni. Mwenyekiti Mathenge alikuwa amemwahidi Watiri kazi hiyo, lakini habari za Giakanja zilifika Endarasha kabla ya chai kupoa. Mathenge akatuma ujumbe: "Ukija na mashine ya kufa, usije. Tutamwita Simeon." Akikosa Endarasha, Kieni yote imekwenda, na Tetu itafuata. Angebaki na mashine ya kuwekea kitambaa cha kushona juu.

Betri mpya hakuwa na uwezo wa kununua. Lakini alikuwa na kadi ya waranti ya mwaka mmoja. Ilikuwa inaisha Ijumaa ya tarehe ishirini na saba Novemba, siku moja kabla ya mkutano.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni mwa duka la mashine za ofisi la Bwana Gicheru kabla mlango haujafunguliwa. Gicheru alikuwa mtu wa tai na tabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kuuzia tu.

"Betri?" akasema. "Madam, betri ni kama tairi ya gari. Inaisha. Wewe tairi yako ikiisha unarudi kwa aliyekuuzia gari?"

"Ikiisha kwa miezi kumi na moja, narudi," Watiri akasema. "Na hapa kwa kadi mmeandika mashine, chaja na betri, miezi kumi na mbili."

Gicheru akavaa miwani akaisoma kadi yake mwenyewe kama barua ya mke wa mtu. "Sawa. Lakini nani amesema ni betri? Inaweza kuwa chaja. Inaweza kuwa stima ya kwenu. Inaweza kuwa vumbi ya Kieni. Niletee ushahidi."

Watiri akaelekeza kidole dirishani. Nyuma ya kioo palikuwa na mashine ndugu ya ile yake, ya aina moja, mpya, imefungwa kwa sili ya plastiki nyekundu. "Kata hiyo sili. Tuweke betri ya hiyo kwa yangu. Baada ya dakika kumi na mbili tutakuwa tumejua sisi wote."

"Sili ikikatwa hiyo imekuwa mtumba. Hapana."

Mwanamke mwingine angelia. Watiri alirudi nyumbani, akaivuta taipureta yake ya zamani kutoka chini ya kitanda, akatia karatasi mbili na kaboni katikati, akaandika barua fupi: betri hudumu dakika kumi na moja, imeonekana tarehe thelathini na moja Oktoba, naomba ibadilishwe kwa mujibu wa kadi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa tena dukani, mbele ya Sophie, msichana wa kaunta.

"Hii ya juu ni ya bosi wako. Hii ya chini nipigie muhuri."

"Bwana Gicheru hajaniambia..."

"Muhuri si ya kukubali, Sophie. Ni ya tarehe. Nataka tu ijulikane barua ilifika lini."

Sophie akatazama mlango wa ofisi, akapiga muhuri: 2 NOV 1998. Kisha akainama kama anayetafuta kalamu, akanong'ona, "Aina hiyo tuliuza mbili tu. Ya pili ilienda Timau, kwa shamba la maua. Uliza karani wa stoo, anaitwa Gatobu."

Wiki hiyo Watiri alimpima mgonjwa wake. Kwanza alitoa betri akaiacha mashine na chaja peke yake: ikafanya kazi saa nne bila kukohoa. Basi chaja ni nzima, na stima ni nzima. Pili, alichukua raba ya kufutia akasugua vile vimeno vya shaba ambapo betri hugusana na mashine, mpaka vikang'aa. Dakika kumi na moja. Tatu, akaiacha betri ife kabisa na kuichaji upya, siku tatu mfululizo. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Tena akaona kitu ambacho wewe na mimi tusingekiona: taa ya chaja, ambayo zamani ilichukua saa tatu kugeuka kijani, sasa iligeuka kwa dakika ishirini. Akaandika kwenye kitabu cheusi: "Inasema imeshiba kabla ya kula."

Jumamosi akaenda Timau. Upepo wa huko unatoka mlimani moja kwa moja na haubishi hodi. Gatobu alimpokea kwenye kibanda cha stoo, mtu mnene wa Meru mwenye kofia ya sufi, na aliposikia habari yote akaanza kucheka kabla ya kumkaribisha kiti.

"Sisi huku tunasikia wanawake wa Nyeri wanapiga mabwana. Sikujua sasa mmeingilia betri!"

"Ningekuwa nimeipiga ingekuwa inafanya kazi," Watiri akasema. "Mabwana wanafanya."

Gatobu akapenda jibu hilo, akatoa mashine yake. Wakabadilishana betri kama watu wanaobadilishana watoto kwenye picha. Ya Watiri ndani ya mashine ya Gatobu: pii, pii, dakika kumi na moja. Ya Gatobu ndani ya mashine ya Watiri: chai ikaja, ikaisha, ikaja nyingine, Gatobu akamaliza hadithi ya shemeji yake na ngano, na mashine bado inawaka. Saa mbili na dakika tano. Gatobu akaandika yote kwenye karatasi ya shamba, akatia sahihi na muhuri na tarehe.

"Mpelekee huyo Gicheru," akasema. "Mwambie akitaka ubishi aje Timau, tuko na baridi ya kutosha."

Hapo mambo yalikuwa yamenyooka. Na yangeendelea kunyooka, kama si akili nyingi za mtu mmoja.

Mjomba Theuri alikuwa amemtembelea mpwa wake kwa wiki moja, na wiki hiyo ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Jumapili Watiri alipokwenda kanisani, Mjomba alibaki kulinda nyumba. Akaiona betri mezani, imelala, haina faida kwa mtu. Sasa niulizeni: redio ikianza kunong'ona, sisi wote, kutoka Karatina mpaka Nanyuki, tunafanya nini? Tunatoa mawe ya redio, yaani betri zake, tunayaanika juani, na jioni tunasikiliza habari tena. Nani hajafanya? Mjomba akapanda kwenye bati la kibanda cha kuku akailaza betri pale, uso juu, apate kumfurahisha binti wa dada yake. Kisha akapumzika kidogo, kwa sababu kupanda kibanda si kazi ya umri wake.

Watiri aliporudi saa nane aliikuta betri imekuwa moto kama chapati, karatasi yake ya maandishi imejikunja, kona moja ya plastiki imepinda, na kuku ameacha sahihi yake juu.

"Anko," akasema. Neno moja tu. Mjomba amewahi kutukanwa na makanga wa matatu, makarani na mke wa chifu, lakini hajawahi kuumizwa na neno kama lile.

"Nilitaka kuiongezea nguvu..."

"Saa ngapi uliiweka?"

"Kama saa tatu hivi."

Akaandika kwenye kitabu: "Nov 8. Jua, saa tano. Anko." Kisha akaichaji, akaijaribu. Dakika kumi na moja. Jua halikuongeza wala kupunguza.

Usiku ule Mjomba alimpa mashauri bora, yote ya bure. Aseme kuku aliiba betri. Aseme ilianguka mezani karibu na jiko. Aseme imepindika huko Timau, kwa watu wa Meru.

"Anko, uongo wako nitauweka kwa kitabu," Watiri akasema. "Kwa hii kesi sitaki hata kijiko."

Asubuhi akaiweka betri juu ya kaunta ya Gicheru, akaweka barua yenye muhuri na karatasi ya Gatobu. Gicheru hakutazama karatasi. Aliona kona iliyopinda, na tabasamu la kuuzia likarudi.

"Ahaa! Hii imeona joto. Kadi inasema isiwekwe mahali pa joto."

"Iliona," Watiri akasema. "Ilianikwa juani jana, tarehe nane, saa tano nzima."

Mjomba Theuri, aliyekuwa mlangoni akimpa nguvu, alifunga macho.

"Umesema mwenyewe! Sophie, umesikia?"

"Nimesema mimi mwenyewe, na nitasema tena. Ilikufa tarehe thelathini na moja. Barua ilifika hapa tarehe mbili, muhuri ni yenu. Gatobu aliijaribu tarehe saba. Jua imekuja tarehe nane. Mtu akifa Jumatano, aangukiwe na mti Jumapili, Bwana Gicheru, utaandika ameuawa na mti?"

Wateja wawili wakacheka. Gicheru akarekebisha tai. "Hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi. Nitawapelekea. Ngoja wajibu."

"Mpaka lini?"

"Wakijibu."

Watiri akatazama kalenda ukutani. Zilibaki siku kumi na nane, na akaelewa: Gicheru alikuwa anaingoja kadi ife kifo chake cha kawaida.

"Basi nitangoja," akasema. "Lakini nitangojea hapa."

Kesho yake duka lilipofunguliwa aliingia na mashine, akaketi kwenye kiti cha wateja kando ya mlango, akachomeka chaja kwenye soketi ya pale, akaanza kuwataipia watu barua. Mtu akiuliza mbona mashine ya kubebwa imefungwa kamba kama mbuzi, anajibu kwa sauti ya kawaida, wala si ya ugomvi: "Betri ilikufa, niko hapa nangoja waranti." Kila siku saa nne kamili anachomoa kamba, anaweka saa mezani, anawasha mashine kwa betri peke yake. Siku ya kwanza walitazama watu wawili. Siku ya tano, wauza kabichi wa sokoni, makanga na mama mmoja wa mitumba walikuwa wanajaa mlangoni wakihesabu kwa pamoja, "Tisa! Kumi! Kumi na moja!" na mashine ikilia pii, pii, wanashangilia kama goli limeingia.

"Utachoka," Gicheru akamwambia.

"Mimi nimepunguzwa na serikali nzima, Bwana Gicheru, na sikuchoka. Wewe ni duka."

Siku ya saba akazima soketi. Watiri akatoa kalamu akaendelea kuwaandikia watu kwa mkono, na saa nne ilipofika akawasha betri kama kawaida, kwa sababu dakika kumi na moja alikuwa nazo kutoka nyumbani. Siku ya tisa Gicheru akaondoa kiti. Watiri akaja na kigoda. Siku ya kumi na moja Simeon mwenyewe alipita njiani na kitabu kwapani, akachungulia, akasema, "Bado haijapona?" Watiri akamjibu, "Bado haijazikwa," akaendelea kuandika. Lakini jioni hiyo, nyumbani, hakula. Aliikunja na kuikunjua kadi mpaka ikaanza kulegea katikati.

Alhamisi ya tarehe ishirini na sita, siku ya kumi na tano ya kungoja, akaja Mwalimu Ndungu, mwalimu mkuu wa shule moja ya Tetu. Shule yake ilikuwa imechanga ili inunue kompyuta, na macho yake yalikuwa kwenye ile ya dirishani. Gicheru alimkaribisha soda. Mwalimu akakataa soda, akauliza hawa watu mlangoni wanangoja nini.

"Saa nne, Mwalimu," mama wa mitumba akamwambia. "Simama hapa, utaona vizuri."

Mwalimu akasimama. Akahesabu nao. Pii, pii. Akaomba barua, akasoma muhuri. Akasoma karatasi ya Gatobu. Akasoma kadi, pande zote mbili, polepole, kama anayesahihisha mtihani wa mtoto anayemshuku.

"Gicheru," akasema, "hii yangu nikinunua nitapewa kadi kama hii?"

"Kama hiyo hiyo, Mwalimu! Mwaka mzima!"

"Kama hii hii," Mwalimu akarudia, akaitazama kadi, akamtazama Watiri kwenye kigoda, akaanza kufunga vifungo vya koti lake. "Basi sisi tutaendelea na ubao."

Sophie, ambaye mwaka mzima hakuwahi kumpinga bosi wake mbele ya watu, akafungua droo, akatoa mkasi, akauweka juu ya kaunta. Aliuweka tu, mpini ukielekea kwa bosi wake.

Gicheru aliutazama ule mkasi muda mrefu. Kitabu cheusi kinasema sekunde arobaini. Kisha akaenda dirishani mwenyewe, akakata sili nyekundu, akatoa betri, akamkabidhi Watiri mbele ya wauza kabichi wote.

"Ya Mwalimu nitaagiza nyingine Nairobi," akasema kwa sauti ndogo.

"Niandikie," Watiri akasema. "Betri imebadilishwa, tarehe ya leo. Na muhuri." Sophie alikuwa ameshautia wino.

Jumamosi, Endarasha, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Simeon alikuwepo, kalamu tatu mfukoni, amekaa mbele kabisa safari hii. Mathenge akamwambia Watiri mbele ya wote, "Ikizimika mara moja, unafunga, anafungua kitabu." Watiri akasema sawa. Akawasha mashine bila kamba, akaweka saa ya mkononi juu ya meza.

Jina kwa jina. Aliyechimba anaitikia, wenzake wa mtaro wanamshuhudia. Dakika ya kumi na moja ilipofika, Watiri aliinua vidole, akatazama saa, na ukumbi mzima ukajua kwa nini, ukaitazama pamoja naye. Ikapita. Kumi na mbili. Mama mmoja akapiga kigelegele, akaambiwa akae.

Karibu na mwisho Simeon akainua mkono akataja jina la mpwa wake. Watiri akaliandika kwa adabu, akalisoma kwa sauti, akauliza, "Alichimba na nani?" Ukumbi ukatazama dari. Akauliza tena. Kisha akalifuta mbele yao, herufi baada ya herufi, kutoka nyuma kwenda mbele. Orodha ikafungwa na majina mia moja sitini na matatu, diski ikaingia kwenye bahasha, na Mathenge akasema mzee wa tatu wa kutia sahihi juu ya gundi awe Simeon, kwa ule mwandiko wake mzuri. Simeon akatia. Na Mathenge akatangaza kwamba mikutano yote ya mradi, mpaka bomba la mwisho, ni ya Watiri.

Sasa kuhusu betri yenyewe, hapa ndipo mtakapobisha. Betri ile mpya ilidumu saa saba. Saa saba bila kamba! Jua likatua nyuma ya Nyandarua, mashine bado inawaka, watu mia tisa wakawa wanasomea Zaburi kwa mwanga wake, mlima ukatoa kichwa mawinguni uone kuna nini Kieni, na Mjomba Theuri, ambaye kusema kweli ndiye aliyeikata ile sili, tena kwa meno, akapanda juu ya meza, akainua mkono, Mathenge mwenyewe akavua kofia, aka—

"Saa saba, Anko?" Watiri amesimama nyuma ya kiti changu, sijui tangu lini. "Ngoja nilete kitabu."